Kati ya Titi na Ziwa

Sisi wanafunzi wa Kiswahili hufundishwa mapema kwamba tasfida ni pambo la lugha. Katika isimujamii huambiwa kuwa jamii iliyostaarabika huyafunika kwa ukaya maneno yanayotisha na yale yanayotia haya. Hayo niliyasoma, nikayajibia maswali ya mtihani, na hata nikayaeleza mbele ya wanafunzi wa mwaka wa kwanza, kabla sijajua namna tasfida inavyoweza kumwacha mtu pekee yake ilhali amezungukwa na watu. Tangu Novemba 2024, nilipoarifiwa kuwa nina saratani ya titi, maradhi yangu yamebandikwa majina chungu nzima: "ule ugonjwa", "hayo mambo yako", "ile shida ya kifua". Mjomba wangu mmoja aliwatangazia waumini wenzake kwamba mpwa wake anasumbuliwa na kifua. Wiki iliyofuata nililetewa chupa mbili za asali na kifurushi cha tangawizi. Niliicheka asali ile hadi machozi yakanitoka, kisha nikainywa yote.

Neno lenyewe ambalo watu huliogopa lina historia ya kuvutia. Saratani tumelipokea kutoka Kiarabu, ambako maana yake ni kaa, yule mnyama wa pwani mwenye magando. Wagiriki wa kale nao waliuita ugonjwa huu kwa jina la kaa, kwa kuwa waliona mishipa iliyovimba pembezoni mwa uvimbe ikitanda mithili ya miguu yake. Ndiyo maana katika kurasa za unajimu nyota ya Saratani huchorewa kaa. Niliyawaza haya siku nilipokuwa nimelala kitandani nikisubiri sindano ya biopsi, na sioni haja ya kuomba radhi. Mtu hukimbilia anakokujua.

Yaliyotangulia siku hiyo nitayapitia kwa ufupi. Niliugusa uvimbe mwezi wa Oktoba, nikiwa na umri wa miaka ishirini na saba. Wiki hiyo hiyo nilikwenda katika zahanati moja mjini, nikaambiwa kuwa mimi bado msichana, kwamba hayo ni mabadiliko ya mwili, nirudi baada ya miezi mitatu. Sikurudi huko. Nilikwenda hospitali nyingine, na daktari kijana aliyenipokea hakuuliza umri wangu kwanza. Aliniuliza uvimbe uko wapi. Msomaji, kama una dada au mpwa, mwambie kwamba saratani ya titi, ingawa huwapata zaidi wanawake waliokwisha kupita makamo, haiombi kitambulisho.

Lakini jambo ninalotaka kulizungumzia hasa halimo katika vipimo. Ni suala la nani aliyesimama nami nilipotakiwa kuamua juu ya mwili wangu, na alisimama vipi. Maana katika maradhi haya mtu huamua mengi kwa muda mfupi, na kila uamuzi huletwa ukiwa umeandikwa kwa Kiingereza kwenye karatasi yenye nafasi ya sahihi.

Tibakemikali ilianza Januari 2025. Ilikuwa mizunguko minane, kila mmoja baada ya wiki tatu. Ile minne ya kwanza ilikuwa na dawa nyekundu kama sharubati ya rosela, ambayo wagonjwa huiheshimu kwa kuiogopa. Nywele zilianza kung'oka baada ya mzunguko wa kwanza. Wakati huo ndipo Halmashauri ya Afya ya Jamii ilikuwa imechukua nafasi ya bima ya zamani, tangu Oktoba 2024, na fungu la saratani kwa kila kaya lilikuwa shilingi 400,000 kwa mwaka, likiongezewa 150,000 kutoka hazina ya magonjwa sugu pindi lile la kwanza linapokwisha. Ukizisikia, fedha hizo ni nyingi. Ukizihesabu pamoja na picha za mwili, dawa, upasuaji na mionzi, huyeyuka. Wanafunzi wenzangu wa uzamili walifanya mchango wa simu uliojazia pengo la vipimo viwili. Mhadhiri wangu mmoja aliniletea vitabu na kuniambia nisivisome. Nilivisoma.

Mama yangu alitoka Taita akaja kukaa nami katika chumba changu kimoja. Mama ni mtu wa maneno machache, na katika miezi ile aliyapunguza zaidi. Hata hivyo ni yeye aliyenipa neno ambalo nililihitaji. Madaktari walikuwa wakisema kwa Kiingereza. Wauguzi wakisema "titi". Jamaa wakisema "kifua". Mama alisema "ziwa". Usiku mmoja alipokuwa akinikanda mgongo aliniuliza: "Wataliondoa ziwa lote, ama watakata kipande?" Ziwa, kwa maana hii, limo katika kamusi zetu, ingawa wengi wa rika langu wakilisikia hufikiria Viktoria au Naivasha. Limebakia zaidi katika usemi wa undugu: tumenyonya ziwa moja. Titi, nilihisi, ni kiungo ambacho daktari anaweza kukikata na kukipeleka maabara kikiwa katika chombo. Ziwa lina watu ndani yake. Lina mama na mtoto, na ndugu wengine kando. Hapo nilitambua kilichokuwa kikiniuma zaidi ya kisu, nikamweleza Mama kwa mara ya kwanza kwamba naogopa kuwa sitanyonyesha. Alinyamaza kwa muda. Kisha akasema, "Nawe ulininyonya moja tu. La pili ulilikataa." Hakuongeza neno, akaendelea kunikanda.

Mchumba wangu naye nitamtaja, kwa kuwa asipotajwa msomaji atadhani alikimbia. Hakukimbia. Wazee wa kwao walikuwa wamekwisha kubisha hodi kwetu Agosti 2024. Nilipomweleza, alisema, "Uamuzi wako ndio uamuzi wangu." Ni sentensi nzuri, mtu anaweza kuiandika kwenye kadi. Lakini nilipoitafakari niliona kwamba imeuacha mzigo wote pale pale ulipokuwa, kichwani mwangu, na kuupamba kwa utepe. Msaada wake wa kweli ulikuja baadaye, haukuwa na maneno mazuri hata kidogo. Baada ya upasuaji niliondoka hospitalini nikiwa na mrija uliotoka ubavuni na kuishia kwenye kichupa cha plastiki. Maji yenye damu yalikuwa yakikusanyika humo, na ilitubidi kuyapima kila siku hadi yashuke chini ya mililita thelathini kwa siku nzima ndipo mrija uondolewe. Yeye alikuwa akija jioni kutoka kazini, ananawa mikono, anakifungua kichupa, anamimina, anapima, anaandika katika daftari: 110, 95, 80. Siku kumi na moja. Daftari hilo ninalo.

Shangazi yake alinitembelea mwezi wa Juni, kabla ya upasuaji, akiwa na mfuko wa machungwa. Alizunguka mbuyu kwa muda, akauliza habari za masomo, za Mama, za mvua ya Taita, na hatimaye akauliza kama madaktari "watarudisha". Nilimjibu kwamba inawezekana. Akasema, "Afadhali. Watu hawana adabu, mwanangu, watasema." Sina kinyongo naye. Alikuwa akinitahadharisha kuhusu ulimwengu anaoujua. Hata hivyo, kuanzia siku hiyo lile swali la kuundiwa titi lilikoma kuwa la kitabibu. Lilikuwa limekwisha kuingia katika mahari.

Naomba nilieleze kwa utulivu, maana hata wasomi wengi hawalifahamu. Daktari wa upasuaji, mwanamke mpole aliyechora kwa kalamu nyuma ya bahasha, alinieleza kwamba kuna njia kuu mbili. Ya kwanza ni kutia mfuko wa silikoni chini ya ngozi au misuli ya kifua. Aghalabu hutangulizwa mfuko mwingine unaojazwa maji kidogo kidogo ili ngozi itanuke. Mifuko hii ilianza kutumiwa Marekani mwaka wa 1962. Haidumu maisha yote, na mwenye kuwekewa akiwa na umri kama wangu atarajie kurudi mezani tena. Ya pili ni kuchukua nyama ya mgonjwa mwenyewe, ama kutoka mgongoni pamoja na msuli wake, ama kutoka tumboni. Ile ya tumboni iliyo bora zaidi huhitaji kuunganisha mishipa midogo ya damu chini ya darubini, kazi ya saa nyingi ambayo madaktari wanaoimudu nchini ni wachache. Aliniminya tumbo, akatafuta nyama, akakosa. Alitabasamu akasema chuo kikuu hakitulishi.

Kisha ikaja ya mionzi. Kwa kuwa saratani ilikuwa imefika katika tezi za kwapani, ningehitaji tiba ya mionzi baada ya upasuaji. Mionzi hukaza ngozi, na huongeza uwezekano wa kovu kuuzingira mfuko wa silikoni na kuubana hadi uwe mgumu na kuuma. Alishauri titi liondolewe Julai, mionzi ifuate, na suala la kuunda jingine lingoje hadi mwaka ukaribie kwisha. Kwa hivyo nilipewa muda. Wapo wanaosema muda ni zawadi. Kwangu ulikuwa miezi saba ya kujibu swali moja kila asubuhi wakati wa kuoga.

Lau si wanawake niliokutana nao katika ukumbi wa tibakemikali, sijui ningelijibu vipi. Wa kwanza alikuwa mama wa Machakos, muuza mboga, aliyekuwa amekuja kwa uchunguzi wake wa mwaka wa nne. Alinikuta nikiisoma hati ya idhini kwa mara ya tatu. Aliniongoza hadi nyuma ya pazia la kubadilishia nguo, akafungua vifungo vya blauzi, akasema, "Tazama. Usiogope kitu hujakiona." Nikatazama. Kovu lilikuwa mstari mmoja, limetoka karibu na mfupa wa kifua likaishia kwapani. Kando yake palikuwa na ngozi ya kawaida tu, ya mama wa kawaida. Nilikuwa nimetazama picha nyingi, zote za miili isiyo na vichwa. Hii ilikuwa na uso, na uso ulikuwa unanitazama nami.

Ni yeye aliyenipeleka katika kikundi chao, kinachokutana Jumamosi ya mwisho wa mwezi katika ukumbi wa kanisa mtaani. Vikundi kama hivi havikuzuka juzi. Marehemu Mary Onyango, aliyekuwa makamu mwenyekiti wa Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa, alijitokeza hadharani kuhusu saratani ya titi yake wakati ambapo wengi walijificha, akawa mstari wa mbele kudai sheria. Aliaga dunia mwaka wa 2012, mwaka ule ule Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti Saratani ilipopitishwa. Kituo cha Faraja kilifunguliwa Nairobi mwaka wa 2010, na wagonjwa hupata ushauri nasaha humo bila malipo. Huko Thika wapo manusura wanaofuma matiti bandia kwa uzi na kuyajaza pamba ya kutengenezwa, ili asiyeweza kumudu la silikoni apate la kuvaa ndani ya sidiria. Langu la kwanza lilikuwa la aina hiyo, la rangi ya kahawa. Mama alilikagua mishono akasema aliyelifuma anaijua kazi.

Katika kikundi nilikutana na mwalimu wa shule ya upili aliyewekewa silikoni huko India, akapata mionzi baadaye, na likawa gumu. Nilikutana pia na karani wa benki aliyejengewa kwa nyama ya tumbo. Alituonyesha akicheka, akasema sasa ana titi na tumbo bapa kwa gharama moja. Na palikuwa na wale wasiofanya lolote, kama mama wa Machakos. Nilitarajia kila mmoja anivutie kwake. Yule mwalimu, ambaye ndiye aliyeumia, ndiye aliyeitetea silikoni kwa nguvu zaidi. Alisema asubuhi ya kwanza aliporudi darasani alisimama mbele ya vidato bila kufikiria kifua chake hata mara moja, na kwamba asubuhi hiyo hawezi kuiuza kwa bei yoyote. Sijasahau maneno yake, na ninayaandika hapa ili asije mtu akauchukua uamuzi wangu kuwa kanuni.

Katika kipindi hicho nilirudi kwenye Utendi wa Mwana Kupona, ambao sote tumeusoma kwa ajili ya mtihani. Tumezoea kuujadili kwa kuuliza kama unamkandamiza mwanamke au unamwelekeza. Mimi niliusoma nikiwa na mrija ubavuni, na nilichokiona ni kwamba msemaji ni mgonjwa. Mwana Kupona binti Msham aliutunga takriban mwaka wa 1858 akiwa ameshikwa na maradhi kwa mwaka mzima. Anamwita bintiye aje karibu, alete wino na karatasi. Maradhi yenyewe hayataji kwa jina. Miaka miwili hivi baadaye akafariki. Tumeandika tasnifu nyingi kuhusu mawaidha yale, lakini sikumbuki semina ambayo tulizungumza juu ya mwili uliokuwa ukiyatamka. Nilimsoma pia Audre Lorde, mshairi Mmarekani mweusi aliyeondolewa titi mwaka wa 1978 na kuchapisha shajara zake za saratani mwaka wa 1980. Yeye alikataa kuvaa titi bandia, na akasimulia jinsi muuguzi alivyomlaumu kwamba kutolivaa kunawavunja wagonjwa wengine moyo. Nilimpenda kwa ukaidi wake, ingawa nadhani angekuwa mkali mno kwa yule mwalimu wetu.

Kati ya wawili hawa, mmoja anayenyamazia maradhi na mwingine anayeyaanika, sikuweza kumfuata yeyote moja kwa moja. Nilichukua karatasi nikaandika mambo ninayotaka mwili wangu uweze kuyafanya. Nibebe mtungi wa maji nikienda kwetu. Niandike kwa saa nne mfululizo bila bega kuuma. Nilale kifudifudi. Nisirudi chumba cha upasuaji isipokuwa kwa lazima. Nivae gauni la harusi nililokuwa nimekwisha kulichagua. Katika orodha ile, gauni pekee ndilo lililodai titi, na fundi aliniambia gauni hurekebishwa. Msuli wa mgongo nilikuwa nauhitaji hapo ulipo.

Mchumba wangu nilimwonyesha orodha. Safari hii nilimkatalia ile sentensi yake ya kadi, nikamtaka aseme analopendelea yeye. Alikaa kimya kwa muda mrefu, kisha akakiri kwamba kama ingekuwa bila maumivu na bila kisu, angependa nirudishiwe. "Lakini si bila kisu," akasema. Nililia, na nilifurahi kuwa amesema kweli. Shangazi yake alielezwa na yeye mwenyewe. Sikuwepo, na sikuuliza yaliyonenwa. Machungwa yameendelea kuja.

Februari 2026 nilirudi kwa daktari nikamwambia kwamba sitaki kuundiwa titi. Niliomba jambo dogo zaidi: ile ngozi iliyobaki imejikunja karibu na kwapa, inayosuguliwa na nguo, ipunguzwe kwa ganzi ya mahali pale tu ili kovu lilale sawasawa. Aliandika. Aliniambia pia kuwa mlango haufungwi, kwamba wapo wanaojengewa baada ya miaka mingi. Vidonge vya tamoksifeni nitavimeza kwa miaka mitano au zaidi, na kwa muda ninaovimeza haifai kushika mimba. Hilo ni suala jingine ambalo bado tunalizungumza, mimi na yeye na wakati mwingine Mama, ambaye sasa amerudi kwao kuangalia mahindi.

Jumamosi za kikundi sijaziacha. Kazi yangu huko ni ya Kiswahili hasa. Huketi na akina mama walioletewa hati za idhini, nikawafasiria aya kwa aya, na hapo ndipo nimegundua umaskini wa istilahi zetu. Neno la kitaalamu la kuunda titi jipya halijakaa vinywani mwa watu. Nilipendekeza "kujenga titi upya". Mama wa Machakos alikataa, akisema titi si choo. Karani wa benki anapenda "kurudishiwa", lakini mwalimu humkosoa kwamba kilichoondoka hakirudi, kinakuja kingine. Wengine husema "kushonewa", na bibi mmoja wa Lamu aliyefika mwezi uliopita alisema kwao angeita "kutiwa ziwa". Yote nimeyaandika katika daftari lile lile lenye vipimo vya mrija, kwenye kurasa za nyuma.

Bibi huyo ana umri wa miaka sabini na mbili, na wiki ijayo atafanyiwa upasuaji. Nilipomaliza kumsomea hati aliniuliza: kama hayo yote yana majina, mtu akitaka kubaki hivi hivi, hilo nalo linaitwaje? Tulilijadili mpaka mlinzi akaja kufunga ukumbi. "Kubaki bapa" lilikataliwa. "Kifua tupu" lilikataliwa kwa kelele. Bibi alisema atamwambia daktari "niache nilivyo", na kwamba jina tulitafute sisi wasomi.